Picha Ilikuwa ya Kweli, Mizani Ndiyo Ilikuwa ya Uongo

Najua Ijumaa mmezoea nawamwagia ubuyu: nani kaachwa, nani kanaswa, nani kafunga ndoa kimyakimya. Leo ubuyu upo na ni wa moto, ila safari hii anayeumbuka ni mimi mwenyewe.

Jumanne usiku nilikuwa nimeshalala, simu ikalia. Namba ngeni. Imeingia picha moja, mama wa makamo anatoka baa, kijana kamshika mkono. Chini yake meseji: "Dada, huyu anautaka udiwani. Jina weka kapuni, watu watajua wenyewe. Elfu hamsini ipo."

Nikakaa kitandani. Nisiwadanganye, hela niliitaka, maana kodi ya chumba ilikuwa imebakiza siku nne. Ila kilichonikosesha usingizi ni kwamba mara ya mwisho bei ilikuwa elfu ishirini, na mara ya mwisho nilikubali.

Kwa mliojiunga juzi, mimi ni mtoto wa Ngokolo, Shinyanga. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2017, matokeo yakaja yale ya kukunja karatasi na kuficha chini ya godoro. Nyumbani wakaniambia nenda kwa shangazi yako Geita, huko hela iko chini ya ardhi. Shangazi alikuwa anauza chakula mwaloni, kwenye senta moja ya wachimbaji wadogo. Kwa wasiojua, mwalo ni pale ambapo mawe kutoka kwenye maduara yanasagwa kwa karasha, yanaoshwa, na dhahabu inakamatwa kwa zebaki. Kelele kutwa nzima, vumbi hadi kwenye wali.

Jambo la kwanza alilonifundisha shangazi halikuwa bei ya chakula. Aliniambia, "Usisogelee duara, mwanangu. Hasa ukiwa kwenye siku zako. Mawe yakikosa dhahabu wiki hiyo watasema ni wewe."

Kwa hiyo chakula tulipika sisi, wakala wao, ila sufuria lilikuwa linaishia mbali na shimo na kijana ndiye anakuja kulichukua. Hiyo imani ipo machimboni miaka na miaka, kwamba mwanamke akikaribia duara dhahabu inahama. Mimi sikubisha wala sikuuliza. Nilizoea tu, na ukishazoea kitu huoni hata kama kipo.

Blogu nilijifunza mwenyewe. Nilikuwa nasaidia kwenye steshenari moja pale senta, nikajifunza kuchapa, halafu usiku nanunua bando naangalia video za YouTube, namna ya kufungua ukurasa, kuweka picha, kuweka kichwa cha habari. Nikaanza na nyimbo mpya za singeli na bongo fleva. Watu wakawa wanasoma thelathini, arobaini. Siku niliyoweka habari ya msanii wa kike aliyegombana na mzazi mwenzake, wakasoma zaidi ya elfu moja. Hapo nikashika fomula: weka mwanamke, weka usiku, weka jina kapuni, watu watabonyeza. Shule hesabu zilinishinda, lakini hiyo niliielewa mara moja.

Sasa tuje kwa yule mama. Nitamwita Mama K, kwa sababu jina lake nilishalichezea vya kutosha.

Mama K ni mjane. Alianza pale senta kwa kuponda mawe kwa nyundo, anakaa juani na mtoto mgongoni, analipwa kwa karai. Baadaye yeye na wenzake wakaunda kikundi, wakachukua mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo sheria inataka wanawake wapate nne, vijana nne na watu wenye ulemavu mbili. Wakanunua karasha. Wakalipa deni lote. Shangazi yangu ni mwanakikundi, kwa hiyo hili siyo la kusikia.

Miaka mitano Mama K alikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji kwa viti maalum. Pale mwaloni kulikuwa hakuna choo, na watu pale ni mamia. Wanaume wanajua wanavyofanya. Wanawake tulikuwa tunasubiri giza, halafu tunaenda porini wawiliwawili, porini kwenyewe kumejaa mashimo ya zamani yaliyoachwa wazi. Mama K akasimama kwenye mkutano mkuu wa kijiji, akauliza michango inayokusanywa kwenye makarasha kila mwezi inaishia wapi, akataka mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Alizomewa. Mkutano uliofuata akauliza tena. Wa tatu akauliza tena. Mwishowe choo kikajengwa, matundu manne, mawili ya wanawake yenye komeo kwa ndani, na tenki la maji pembeni.

Mimi nilikuwepo. Choo kile nimekitumia. Na blogu nilikuwa nayo. Sikuandika hata mstari mmoja. Choo kina kiki gani?

Ikaja 2024. Tarehe 27 Novemba ulikuwa uchaguzi wa serikali za mitaa, na mwezi wa kumi vyama vikawa vinapitisha wagombea wao. Mama K akachukua fomu. Wengi walidhani ni ya viti maalum tena, kumbe ni ya mwenyekiti wa kijiji.

Hapo ndipo watu walipochanganyikiwa. Kwenye halmashauri ya kijiji wanawake wamezoeleka, sheria yenyewe inataka wasipungue robo ya wajumbe. Baraza la ardhi la kijiji lina watu saba, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka watatu kati yao wawe wanawake. Hakuna anayelalamika, ni benchi waliyowekewa wakae. Kiti cha mbele ndiyo kimekuwa kama duara, usisogee. Tuna vijiji zaidi ya 12,000 nchi hii, na uchaguzi wa 2019 wanawake waliopata uenyekiti wa kijiji walikuwa asilimia 2.1. Vitongoji asilimia 6.7. Mitaa ya mjini ndiyo walifika 12.6. Huyu aliye Ikulu tangu Machi 2021 ni mwanamke, Spika wa Bunge hadi 2025 alikuwa mwanamke, lakini ukishuka hadi kwa mwenyekiti wa kijiji anayegonga muhuri wako wa barua, hesabu ni hiyo.

Wiki hiyo hiyo kijana mmoja akanifuata steshenari. Ana picha kwenye simu: Mama K, saa nne usiku, yuko mlangoni mwa gesti na mwanaume. Wanacheka. Basi, hakuna kingine. Akaniwekea elfu ishirini kwenye kiganja na akaniunganishia bando la wiki.

Niliandika dakika arobaini. Kichwa cha habari sitakirudia hapa, ila kilikuwa na maneno "mgombea", "anaswa" na "gesti", herufi kubwa zote. Nikaweka "jina kapuni". Halafu chini nikaandika kwamba ni mgombea mwanamke pekee wa senta fulani na ana karasha. Hilo kapu lilikuwa na tundu la kupitisha ng'ombe.

Jamani, ilisomwa! Siku mbili ilipita posti zangu zote za mwezi mzima. Magrupu ya WhatsApp yaliibeba kama ilivyo. Mtu akaichapisha kwenye karatasi, tena kwenye steshenari ile ile, mimi nilikuwa zamu ya mchana, akaenda kuibandika kwenye mlango wa kile choo cha mwaloni.

Komenti zikafurika. Arudi jikoni. Mjane gani huyo. Kama nyumba yake imemshinda kijiji atakiweza? Nilikuwa nazisoma huku nacheka, naziweka vikopa. Katikati ya hizo ikaingia moja fupi: "Dada huyu ni mama yangu. Mimi nasoma kidato cha tatu. Naomba uitoe."

Niliifuta. Namaanisha komenti ya yule binti. Posti niliiacha.

Hili sijawahi kumwambia mtu hadi leo.

Kura za maoni zikapigwa, Mama K akashindwa. Sisemi ni mimi peke yangu. Mshindani wake ana ng'ombe, ana ukoo mkubwa, ana vijana wa kumpigia debe, pengine angeshinda tu. Ila kuna mama mwingine, mwanakikundi mwenzake, alikuwa ameshachukua fomu ya viti maalum, hata picha ameshapiga. Akairudisha. Mume wake alimwambia maneno machache sana: "Unataka na wewe ukaandikwe?" Huyo mimi sikumtaja popote, wala jina lake sikulijua. Nikajifunza baadaye kwamba ukimwandika mwanamke mmoja vile, unakuwa umewaandika wote waliokuwa wanafikiria kusimama.

Sasa mtaniuliza, kwani ile picha ilikuwa ya uongo? Hapana. Picha ilikuwa ya kweli kabisa, na ndiyo maana nilichelewa kuona kosa langu. Kila nikiulizwa nilikuwa nasema, mimi sikutunga, mimi nimeonyesha.

Yule mwanaume ni mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka kwetu Shinyanga, wana uhusiano na Mama K na familia zinajuana. Mjane wa miaka sita amecheka na mwanaume mlangoni kwa gesti. Ndiyo habari yote hiyo. Na usiku ule ule, kwenye baa ya gesti ile ile, mshindani wake alikuwa amekaa anawanunulia vijana bia, na aliyepiga picha alikuwa meza yake. Yule bwana ana familia pale kijijini na nyingine senta ya jirani, kila mtu anajua, hata watoto wa shule wanajua. Sikuandika. Haikunijia hata kichwani kwamba ni kitu cha kuandika. Kama ningeandika, wangesema huyo ndiyo dume.

Watu wa machimbo mtanielewa nikiwapa mfano huu. Zamani mtu ukipata dhahabu yako unampelekea broka, naye ana mizani yake. Dhahabu ni ya kweli, wewe umeichimba, umeiona. Lakini mizani imechezewa, pointi zako zinapotea hapo mezani na huna pa kulalamika, kwa sababu hakuna mtu anayebisha kwamba dhahabu ipo. Machi 2019 lilipofunguliwa soko la madini Geita, la kwanza nchini, wachimbaji walichofurahia wengi ni kwamba sasa ipo mizani moja ya serikali kwa wote. Mimi na blogu yangu tulikuwa broka wa zamani. Mizani ya mwanamke mbali, mizani ya mwanaume mbali. Nikiulizwa, naonyesha dhahabu.

Na siko peke yangu. Nina rafiki yangu mtangazaji wa redio moja ya kanda hii, sitasema ipi. Sauti yake ni nzuri, ndiyo balaa lake. Amewekwa kipindi cha mapenzi cha usiku mwaka wa nne sasa. Kikao cha baraza la madiwani wanaenda wanaume. Siku moja aliomba aende, akaambiwa huko kuna mambo magumu ya bajeti. Siku waliyompa amhoji diwani wa kike, akaandaa maswali yake ya maji na barabara, akapewa karatasi yenye maswali mengine. La kwanza: ukiwa kwenye vikao, nyumbani nani anapika? Nilimuuliza kama diwani wa kiume aliwahi kuulizwa hilo. Alicheka hadi akakohoa.

Nikaanza kusomasoma. Kumbe haya mambo watu wazima walishakaa wakayaandika. Agosti 2008 wakuu wa nchi za SADC walikutana Johannesburg wakasaini itifaki ya jinsia na maendeleo, Tanzania ikiwemo. Ilisema nafasi za maamuzi ziwe nusu kwa nusu ifikapo 2015, na haikuishia kwenye viti, ikagusa na vyombo vya habari, kwamba wanawake na wanaume wapewe nafasi sawa ya kusikika na wanawake wasichorwe kama vitu au wahanga tu. Waliviweka pamoja kwa makusudi. Ukimfungulia mtu mlango wa kiti halafu redio na blogu zikamsubiri mlangoni, hujamfungulia kitu.

Kuna na mradi wa kimataifa ambao tangu 1995, kila baada ya miaka mitano, unachagua siku moja na kuhesabu watu wanaotajwa na kusikika kwenye habari dunia nzima. Mara ya kwanza wanawake walikuwa 17 kwa kila 100. Mwaka 2020 wakawa 25. Miaka ishirini na mitano, tumeongeza watu wanane.

Nikasema ngoja na mimi nijihesabu. Nikakaa na daftari, nikapitia posti zangu zote za mwaka 2024. Zilikuwa 84. Zenye picha ya mwanamke juu, 57. Ambazo mwanamke mwenyewe anaongea kwa maneno yake, 9. Ambazo anaongea kuhusu kazi yake, siyo mwili, siyo ndoa, siyo mwanaume, 2. Na hizo mbili zote ni wanamuziki wanatangaza nyimbo. Nilihesabu mara ya pili nikidhani nimekosea.

Ila msije mkadhani nilijihesabu kwa akili zangu. Nilitumwa.

Mwenyekiti mpya alipoingia, tenki la choo likaacha kujazwa maji. Hakuna aliyeuliza. Mwezi wa kwanza mwaka huu choo kikafungwa kwa kufuli, wanawake wakarudi porini gizani. Mwezi wa pili shangazi yangu, aliyenilea, akaenda saa mbili usiku, akateleza kwenye shimo la zamani, akavunjika mguu. Alikaa mle chini hadi mtu aliposikia akiita.

Nilipofika hospitali, kando ya kitanda chake alikuwepo Mama K na chupa ya uji. Na binti yake, amevaa sketi ya shule.

"Shikamoo dada," binti akanisalimia. Nilishindwa kuitikia vizuri. Alijua mimi ni nani. Nilimwona machoni kwamba anajua.

Nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Kwenu ni wapi wewe? Ng'wana nani?"

Nikamtajia. Akatikisa kichwa, akasema ukoo wetu anaufahamu, watu wa Ngokolo. Tukakaa kimya. Shangazi alikuwa amelala. Nikaona nikiondoka leo bila kusema sitasema tena, nikamwambia, mama, ile habari niliandika mimi.

"Najua. Ulilipwa ngapi?"

"Elfu ishirini."

Akavuta pumzi. "Ishirini tu? Ungeniambia ningekupa hamsini uandike habari za choo."

Nilidhani anatania, nikaanza kucheka, nikakuta yeye hacheki. Nikaomba msamaha. Akaniambia, "Mimi ni mtu mzima, nimezomewa sana. Huyu ndiye alikataa kwenda shule wiki mbili," akamwonyesha binti kwa kidevu. "Msamaha muombe yeye, akikunyima usimlaumu." Halafu akaongeza, "Na usirudi hapa kuniambia umebadilika. Kahesabu hayo uliyoandika, uje uniambie wanawake wangapi umewauliza swali."

Binti nilimuomba msamaha pale pale kwenye korido. Alisema "sawa dada", kwa sauti ile ya mtoto anayejibu mkubwa kwa heshima. Kama alinisamehe au la sijui, na sidhani ni haki yangu kumuuliza tena.

Sisi watu wa Shinyanga na Geita, ndugu zangu, hatuhitaji kufundishwa nguvu ya maneno. Ni kwetu huku ambapo bibi vizee waliuawa kwa mapanga kwa sababu mtu fulani alisema macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia. Nani alianza kusema? Hakuna anayejua, jina kapuni. Silinganishi posti yangu na damu ya mtu. Nasema tu kwamba mwanamke akishikwa na uvumi huku kwetu, hakuna anayejisumbua kwenda kumuuliza yeye.

Na siyo kwamba burudani haiwezi kusema ya maana. Siti binti Saad wa Zanzibar, mtoto wa kijijini Fumba aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, waliimba kumbeza kwa sura yake na kwao shamba, naye akawajibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura si hoja. Wanahabari wanawake walipounda TAMWA mwaka 1987, jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Walichukua jina la mwimbaji, mtu wa burudani kama tunaowaandika sisi hapa. Kwa hiyo kisingizio changu cha "mimi ni blogu ya burudani tu, siasa siijui" kimeisha nguvu.

Basi ile picha ya Jumanne nilifanyaje?

Nilimjibu yule mtu saa saba usiku: "Asante. Naomba na picha za wagombea wote wa kiume wa kata hiyo, usiku huo huo, saa hiyo hiyo. Zikifika zote nitaziweka pamoja." Akaniita mjinga na akaniblokisha. Elfu hamsini ikaenda. Mwenye nyumba ninamkwepa hadi leo, akisoma hapa namwomba avumilie hadi mwisho wa mwezi.

Chaguzi za madiwani, wabunge na rais nazo zipo. Zitakuja picha nyingi tu, kwangu na kwa wenzangu. Nimejiwekea kanuni moja nyepesi ambayo hata mtu wa divisheni yangu anaielewa: swali nisiloweza kumuuliza mgombea mwanaume, simuulizi mwanamke. Na kinyume chake, nikimuuliza mmoja mapato na matumizi, namuuliza na mwenzake. Akila rushwa mwanamke nitamwandika, tena kwa jina. Mizani iwe moja, basi.

Mama K hagombei tena. Nilimuuliza, akasema ana karasha lake na ana mtoto wa kusomesha, wengine nao wasimame. Yule mama aliyerudisha fomu bado hajachukua nyingine. Choo kina kufuli hadi leo ninapoandika. Shangazi anatembelea gongo, na jioni akitaka kutoka lazima nimsindikize na tochi.

Ile posti nimeifuta, ingawa najua imebaki kwenye simu za watu. Mwenye nayo, nakuomba uifute na wewe. Na wewe unayesoma hapa ukiwa kijijini kwako, huko chini nenda kaandike kitu kimoja tu: mkutano mkuu wa kijiji au mtaa wako uliitishwa lini mara ya mwisho, na nani alisimama kuuliza. Kama aliyeuliza ni mwanamke, niandikie alichouliza. Ijumaa ijayo nakiweka hapa juu, herufi kubwa zote.